Ukinunua mashine ya mbao iliyotumika, pesa ziende mwisho

Kuna simu ambayo wenzetu wa huduma kwa wateja hawapendi kuipokea. Mteja huanza kwa upole: "Nilituma pesa jana, naomba mnirudishie." Tunamuuliza kama alikosea namba. "La, namba ni sawa. Hata jina ni sawa. Ila mashine haikuja."

Mmoja wa waliotupigia ni fundi seremala wa upande wa Mwingi, Kaunti ya Kitui. Aliona mtandaoni picha za mashine ya mbao iliyotumika, zile ambazo mwili mmoja unabeba msumeno, randa, sehemu ya kusawazisha unene na ya kutoboa matundu ya viungo. Bei ilikuwa nzuri. Muuzaji akamwambia kuna mtu mwingine yuko njiani na pesa taslimu, kwa hivyo atume Sh40,000 za kuishikilia. Akatuma. Kufika jioni, namba ya muuzaji haipatikani.

Fundi huyu si mjinga. Mpe ubao, ataugonga kwa kidole tu na kukwambia kama umekauka. Kilichomponza ni kwamba pesa zilitangulia, macho yakafuata. Na hapo ndipo tunapotaka kusema maoni yetu waziwazi. Kununua mashine iliyotumika si kosa. Kwa mafundi wengi wa Kitui na Makueni ndiyo njia inayowezekana. Kosa ni kuilipia mashine vile unavyolipia mkate dukani.

Tunajua inashangaza kusikia haya kutoka kwetu. Kampuni za malipo kwa simu hutangaza kasi: tuma sasa, lipa sasa. Kwa nauli na unga, kasi ni nzuri. Kwa mashine ya mamia ya maelfu, tunakuomba uende polepole.

Kwa nini mashine, na kwa nini sasa

Ukipita kwa mafundi wa Wote, Emali, Kibwezi, Mutomo au Kitui mjini, utaona kazi ipo: milango, vitanda, madawati, kabati za jikoni. Mbao nazo zipo karibu kuliko zamani. Mukau, mti wetu wa nchi kavu usioliwa ovyo na mchwa, umepandwa na wakulima wengi wa Ukambani. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina kituo chake Kitui, na kwa kushirikiana na Wajapani wa JICA ilianzisha mashamba ya mbegu bora za mukau huko Tiva na Kibwezi. Mti huu hufikia kupasuliwa mbao katika miaka kati ya 10 na 15 hivi. Maana yake ni kwamba mkulima aliyepanda kipindi kile cha kwanza sasa anatafuta fundi.

Lakini mukau ni mbao ngumu. Kuupiga randa kwa mkono siku nzima ni kazi ya kuvunja mgongo. Fundi asiye na mashine hubeba mbao hadi mjini, anapanga foleni kwa mwenye mashine, analipa kwa futi, halafu analipa tena usafiri wa kurudi. Faida yote inabaki barabarani.

Mashine mpya ya Ulaya inayofanya kazi zote hizi haishikiki kwa fundi anayeanza. Ndiyo maana zilizotumika zina soko. Utasikia majina kama Robland ya Ubelgiji, Felder ya Austria, Lurem na Kity za Ufaransa, Minimax ya Italia. Nyingine huletwa kutoka ng'ambo zikiwa zimetumika, nyingine zinauzwa na karakana za hapa nyumbani zilizofungwa au zilizopata kubwa zaidi. Chuma cha zamani kikitunzwa vizuri hudumu. Mashine ya umri wa miaka 30 inaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei rahisi yenye meza ya bati jepesi.

Moja ya kazi nyingi, au mbili za kazi moja moja?

Hapa wauzaji husifu tu. Sisi tunaona hivi. Kama unafanya kazi peke yako, au na kijana mmoja, na kibanda chako ni kidogo, mashine moja ya kazi nyingi inakufaa. Inakula nafasi ndogo na unalipa usafiri mara moja.

Kama mko mafundi watatu, fikiria mara mbili. Katika mashine nyingi za aina hii, mmoja akipasua mbao, mwingine hawezi kupiga randa. Kila ukibadilisha kazi unainua meza, unasogeza ukuta wa kuongozea ubao, unapima upya. Na kama mota ni moja inayozungusha kila kitu, siku ikiungua karakana nzima inalala. Kwa watatu, msumeno wa meza na mashine ya randa, kila kimoja peke yake, huenda vikawaingizia zaidi hata kama bei ya pamoja iko juu kidogo.

Na kama mko kwenye chama, kununua pamoja ni wazo zuri, mradi mkubaliane mapema nani anaitunza, nani ananunua visu, na kila mtu analipa kiasi gani kwa futi. Waafrika tulishasema: mali bila daftari huisha bila habari.

Usinunue mbuzi kwenye gunia

Nenda uione. Barabara ya lami ya Kibwezi hadi Kitui kupitia Mutomo imerahisisha safari kati ya kaunti hizi mbili, na nauli ya kwenda na kurudi hata Nairobi ni kidogo ukilinganisha na pesa unazotaka kutoa. Ukifika, usianze na bei. Anza na haya, ambayo tumeyakusanya kwa mafundi wenye uzoefu:

1. Gusa mota kabla haijawashwa. Iwe baridi. Ukiikuta moto, huenda imewashwa mapema ili usisikie jinsi inavyosumbuka kuanza. Nusa pia: harufu ya kuungua haifichiki.

2. Zima stima kabisa, kisha shika ile silinda inayobeba visu na uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha au kiti chake kimelika. Beringi hubadilishwa. Kiti kilicholika ni hadithi nyingine.

3. Weka rula ndefu ya chuma juu ya meza, kwa urefu na kwa mshazari. Ukiona mwanga chini yake katikati, meza imepinda, na kila ubao utakaopitisha utapinda hivyohivyo.

4. Tafuta nyufa na alama za kuchomelea kwenye chuma cha meza na miguu. Rangi mpya inayong'aa isikufurahishe haraka. Wakati mwingine imepakwa ili kufunika.

5. Hesabu vipande vyote. Ukuta wa kuongozea ubao, kifuniko cha msumeno, kifuniko cha visu, kishikio cha keekee ya kutoboa matundu. Kwa mashine ambayo haitengenezwi tena, kipande kimoja kilichopotea kinaweza kukuzungusha miezi.

6. Beba ubao wako mwenyewe, ikiwezekana mukau au mbao nyingine ngumu. Mpitishe mbele yako. Halafu pima unene pande zote nne. Ubao laini wa muuzaji hautakuonyesha kitu.

Kama wewe si mtaalamu wa mashine, lipa fundi wa mashine aende nawe. Siku yake moja ni ghali, lakini ni rahisi kuliko majuto.

Halafu usikubali mashine isiyo na vifuniko vya usalama kwa sababu tu "mafundi huwa wanavitoa." Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine zikingwe, na kama umeajiri kijana, jukumu ni lako. Pesa iliyokwenda vibaya pengine hurudi. Kidole hakirudi.

Stima ya kwako ni ipi?

Hili limewaumiza wengi kuliko matapeli. Mashine nyingi kubwa zilizotoka kwenye karakana za Ulaya zinatumia stima ya fezi tatu. Nyumba na vibanda vingi vya vijijini vina fezi moja. Unaleta mashine, unaisimamisha, na hakuna pa kuichomeka.

Soma kibati kilicho kwenye mota. Hapa kwetu fezi moja ni volti 240 na fezi tatu ni volti 415, zote kwa hezi 50. Kama kibati kinasema hezi 60, mashine ilitengenezwa kwa nchi kama Marekani. Mota yake ikizungushwa kwa stima yetu, kasi hupungua kwa karibu sehemu moja ya sita, na volti zisipolingana inaweza kuungua.

Kama mota ni ya fezi tatu na wewe una fezi moja, una njia tatu: kuomba Kenya Power wakuletee fezi tatu, kununua kifaa cha kubadilisha, au kufunga mota nyingine. Kila njia ina gharama yake. Pata bei hiyo kwanza, kwa maandishi, ndipo uongeze kwenye bei ya mashine. Ongeza na lori pia. Mashine ya chuma cha kumimina inaweza kufika kilo 300, 400 na zaidi. Haiendi kwa bodaboda.

Sasa pesa

Hapa ndipo tunapojua vizuri, kwa hivyo tuseme bila kuficha.

Ombi la kurudishiwa muamala liliwekwa kwa ajili ya aliyekosea namba. Halikuwekwa ili kuamua ugomvi wa bidhaa. Ukituma kwa mtu uliyekusudia, kisha akakunyima mashine, mtandao wa malipo hauwezi kujua nani anasema kweli. Na kama mpokeaji ameshatoa pesa, hakuna cha kushikilia. Ripoti upesi, ndiyo, kwetu na kwa polisi, lakini usilichukulie ombi hilo kama bima.

Tunapendekeza mpango huu:

Kabla ya kuona mashine, usitume chochote. Wala "pesa ya mafuta," wala "ya kushikilia." Muuzaji wa kweli atakuelewa.

Ukiona na ukaridhika, andikeni makubaliano. Ukurasa mmoja unatosha: majina na namba za vitambulisho, aina ya mashine, namba yake ya kiwandani, vipande vinavyoambatana nayo, bei, na tarehe ya kuichukua. Piga picha kibati cha mashine. Sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, bado inataka mauzo ya kuanzia Sh200 yawe na maandishi, au malipo ya sehemu, au bidhaa iwe imepokelewa, ndipo yaweze kudaiwa mahakamani. Ujumbe wa malipo kwenye simu yako ni ushahidi wa malipo hayo. Usiufute.

Malipo ya kwanza, ile wengi huita dipoziti, yawe madogo, kiasi ambacho ukikipoteza kitakuuma lakini hakitakuangusha. Salio litoke mashine ikiwa juu ya lori, wewe ukiwa umesimama hapo. Kama salio ni kubwa, panga mapema: muamala mmoja wa M-PESA hauzidi Sh250,000, na kuna kikomo cha siku pia. Usijikute Kariobangi saa kumi na moja jioni, lori linanguruma, na pesa haziendi.

Kabla ya kuweka PIN, soma jina. Kama mnanunua kwa kampuni na jina linalotokea ni la mtu binafsi, simama uulize. Namba ya till au paybili ya biashara huacha alama nzuri zaidi kuliko namba ya mtu.

Nawe muuzaji, usikilizwe pia. Ujumbe wa uongo wa malipo upo. Usiachilie mashine kwa sababu umeonyeshwa simu ya mnunuzi. Angalia salio lako mwenyewe kwanza.

Je, mashine ni yake kweli?

Swali hili watu huona haya kuliuliza. Uliza. Kwa sheria hiyo ya Sura ya 31, kwa kawaida mnunuzi hapati haki kubwa kuliko aliyokuwa nayo muuzaji. Ukinunua kilichoibwa, mwenyewe anaweza kuja kukichukua, na pesa zako utazidai kwa mwizi.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Tangu sheria ya dhamana za mali inayohamishika ya mwaka 2017, mtu anaweza kuchukua mkopo akiweka mashine kama dhamana, na dhamana hiyo ikaandikwa kwenye rejista ya serikali. Rejista hiyo inafikika kupitia eCitizen, na unaweza kutafuta kwa namba ya kitambulisho cha muuzaji. Utafutaji huo unachukua muda mfupi. Ukikuta mashine inadaiwa na benki au sacco, zungumza na mkopeshaji kwanza. Salio lako liende kumaliza deni hilo, na upewe barua.

Jua pia kwamba ukikagua mashine mwenyewe, sheria haitakulinda kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Ndiyo maana tunasisitiza kukagua vizuri, au usiseme umekagua. Mkikosana baada ya hapo, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na inatakiwa kumaliza kesi katika siku 60. Huhitaji kuwa na wakili. Unahitaji yale maandishi na ile meseji.

"Lakini mashine nzuri haingoji"

Tumeambiwa hivi na mafundi wengi, na wana haki. Mashine nzuri kwa bei nzuri inaweza kuchukuliwa kesho. Mtu akikaa akichunguza kila kitu, huenda akakosa tatu kabla ya kupata moja.

Jibu letu ni kwamba ukikosa mashine bado una pesa. Ukikosa pesa huna mashine wala pesa, na mara nyingi una deni juu yake. Fundi yule wa Mwingi hakutuma akiba yake peke yake. Sehemu ilikuwa mkopo wa simu wa siku 30. Mwezi ulipokwisha, alikuwa analipia mashine ambayo hajawahi kuigusa.

Tuseme wazi kuhusu mikopo hii, hata kama ni huduma inayopatikana kwenye simu zetu. Mkopo wa mwezi mmoja ni wa kununua gundi, misumari na msasa wa oda ambayo mteja atalipa wiki ijayo. Haufai kununua mashine. Mashine huanza kuingiza pesa baada ya kusafirishwa, kusimamishwa kwenye saruji, kuunganishwa stima na kujulikana na watu. Mkopo utakuwa umeshakudai kabla hujapasua ubao wa kwanza. Kwa mashine, tafuta sacco au chama kinachokupa mwaka au zaidi, au weka akiba kidogo kidogo kwenye simu, kwenye akaunti ambayo huigusi.

Na piga hesabu ukiwa umetulia. Tuseme unatarajia kupiga randa futi 200 kwa siku. Je, zitatoka wapi? Ni mbao zako, au za mafundi wa jirani? Je, hao jirani wameshakuahidi? Toa stima, visu vya kunoa, na siku za mvua ambazo mbao hazikauki. Kinachobaki ndicho kinacholipa mashine. Kama hakitoshi, bei nzuri ya mashine haibadilishi kitu.

Tulipowasiliana tena na yule fundi, alikuwa bado anatafuta mashine. Hatukumwambia aache. Tulimwambia aende na ubao wake wa mukau na rula ya chuma, na simu aiache mfukoni hadi mashine iwe juu ya lori.